Ziwa Likinyamaza

Kila alfajiri, kabla ya chai,
nayatoa maji maboya ya ndege kwa pampu ya mkono:
boya la kulia mivuto minne, la kushoto kumi na miwili.
La kushoto lina ribiti legevu
tunayoijua kama jirani mkopaji,
leo kidogo, kesho kidogo.

Hapa Kenora, kwenye Ziwa la Misitu,
hawakuulizi umeegesha wapi.
Wanakuuliza umefunga kamba wapi.

Mwalimu wangu Lorna Keesick
hunitaka niseme kwa sauti, kama mtoto mbele ya darasa:
Unatua wapi?
Majini.
Magurudumu?
Juu.
Sema tena.
Majini. Juu.
Maana gurudumu lililosahauliwa chini
hukamata maji kama mguu uliojikwaa gizani,
ndege ikapinduka, tumbo juu,
na mlango uliouzoea ukawa upande usioujua.

Nilidhani adui ni upepo.
Miezi miwili nimegombana nao
ukinisukuma ubavuni, ukinivuruga mkia.
Lakini upepo huandika. Huacha mistari juu ya maji,
ukaisoma, ukajua uelekee wapi
na umebakiza kiasi gani.
Adui alikuja jioni moja ya Agosti,
hana mkono wala sauti:
upepo ukakatika,
ziwa likanyamaza.

Bibi yangu, kule Nzega, alizoea kusema
kimya kingi kina mshindo.
Nilidhani anawasema wakwe.

Chini yetu mbingu, juu yetu mbingu,
misonobari imesimama kichwa chini bila kulalamika,
na wingu moja, lile lile, mara mbili.
Futi kumi, au mia?
Jicho halikujua. Jicho likaapa linajua.

“Usiliamini,” alisema Lorna.
Mjomba wake Ambrose aliliamini,
mwaka ambao yeye alikuwa darasa la tatu.
Hakuwa mlevi. Hakuwa mgeni.
Alidhani yuko kimo cha meza,
akainua pua, akaondoa nguvu,
kumbe yuko kimo cha mnara wa kanisa.
Hakuongeza neno. Alikuwa akiutazama ukingo.

Basi nami nikafuata ukingo,
kwa kuwa miti haidanganyi urefu wake.
Pua juu kidogo, upana wa kidole kimoja,
na nguvu kidogo nikaiacha kwenye injini
kama mtu anayeacha taa ya barazani ikiwaka,
mshale ukisema tunashuka
futi mia na hamsini kwa dakika.
Mengine yote nilikatazwa:
kutazama chini, kubahatisha, kuharakisha.
Kungoja tu.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wahenga,
wala hawakutuambia habari za kuyafikia kutoka juu.

Niliiba mtazamo mmoja.
Ndani ya kioo niliiona ndege nyingine
ikipanda kutujia, tumbo la njano, maboya mawili,
na ndani yake mtu aliyekunja uso,
naye anangoja,
naye hajui.

Ikaja. Ikaja. Bado.

Bado.

Kisha nyayo zikakutana,
kwaru, kama karatasi inayochanwa taratibu,
na mstari mweupe ukaandikwa ziwani,
wa kwanza tangu saa kumi na moja.
Nikaondoa nguvu. Ndege ikaketi.

Gatini Lorna alinirushia kamba.
Nilifunga fundo mara tatu, mara tatu likafunguka,
vidole vyangu bado viko futi kumi, au mia.
“Kesho,” alisema, akimwaga chai iliyopoa,
“upepo ukirudi, usianze tena kuutukana.”

Nikachukua pampu, nikainama.
Boya la kushoto.
Moja.
Mbili.